Jimmie Rodgers na Asili ya Jina Chemirocha

Jimmie Rodgers, ambaye Wamarekani humwita baba wa muziki wa kantri, alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897 karibu na Meridian, katika jimbo la Mississippi. Baba yake alikuwa msimamizi wa kikosi cha wafanya kazi wa reli. Naye mwenyewe aliingia relini angali kijana, akawa mshika breki wa gari la moshi. Mwaka 1924 alionekana kuwa na kifua kikuu. Kazi ya reli ikamshinda, na uimbaji ukawa ndio riziki yake.

Sauti yake ilinaswa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Agosti 1927 mjini Bristol, Tennessee, mbele ya Ralph Peer, kwa ajili ya kampuni ya Victor. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo aliimba wimbo wa kwanza katika mfululizo wa "Blue Yodel", nao ndio uliomtangaza. Umbo la nyimbo hizo ni la bluzi ya Wamarekani weusi: mstari wa kwanza hurudiwa, wa tatu ukajibu. Kisha sauti huruka ghafla kutoka kifuani hadi juu kooni, pasipo maneno yoyote. Nyimbo zake nyingi zilitungwa na shemeji yake, Elsie McWilliams, au pamoja naye. Wamsifuo Rodgers hulisahau jambo hili kwa wepesi. Mwaka 1931 aliuimba ugonjwa wake mwenyewe katika "T.B. Blues". Mei 1933, mjini New York, alirekodi nyimbo zake za mwisho huku akijilaza kupumzika baina ya wimbo na wimbo. Tarehe 26 ya mwezi huo akafariki, mwenye umri wa miaka 35. Katika muda usiotimia miaka 6 alikuwa ameacha nyimbo zaidi ya 100.

Miaka 17 baada ya kifo chake, Hugh Tracey alikwenda kunasa ngoma na nyimbo za Wakipsigis, katika nchi ya Kericho, Kenya. Huko alikuta nyimbo zenye jina "Chemirocha", naye akaeleza kwamba jina hilo ni Jimmie Rodgers, aliyejulikana kwa sahani za santuri. Katika wimbo mmoja, ulioimbwa na wasichana, mwimbaji huyo amekuwa kiumbe nusu mtu, nusu mnyama.

Umbo la jina hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Lugha ya Kipsigis haipambanui maana kwa tofauti ya *j* na *ch*. Hivyo *ch* ndiyo iliyoshika mahali pawili, mwanzoni mwa jina na katikati. Kiswahili, kinyume chake, hutenganisha sauti hizo: jambo si chambo. Kama jina lingepitia kinywani mwa Mswahili, *j* ingetazamiwa kubaki. Yaelekea basi kwamba Wakipsigis walilipokea kwa masikio yao wenyewe. Tena, *Jimi* haikuwa *Chimi*, bali *Chemi*. Na *Che-* ndio mwanzo wa majina mengi ya wanawake wa Kikalenjin, kama Chebet na Chemutai. Huenda mazoea hayo ndiyo yaliyoivuta irabu.

Wako waandishi waliodai kwamba Wakipsigis walimwabudu Rodgers kama mungu. Dai hilo lavuka mpaka wa ushahidi. Wasichana kumwalika mgeni wa ajabu katika wimbo wa mchezo si ibada, kama vile mtoto wa pwani atajaye zimwi katika hadithi hasemwi kwamba analisujudia. Kilichothibitika ni kidogo zaidi, nacho chapendeza zaidi: sauti isiyo na mwili ilisikiwa, na wasikilizaji wakaitungia mwili.

Tracey alianzisha maktaba yake ya muziki wa Afrika mwaka 1954, na rekodi hizo zimehifadhiwa humo, Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 2010 nakala zake zilirudishwa kwa Wakipsigis, zikasikilizwa tena na wazee wa huko.