Hoja Kabla ya Shahada

Kijana wa Isevya anapopata nafasi ya chuo kikuu, wosia anaoondoka nao nyumbani unajulikana: soma, upate shahada, utafute kazi. Klabu ya falsafa haimo katika wosia huo. Wazazi wengi, na hata baadhi ya wahadhiri, huiona kuwa starehe ya watu wasio na haraka ya maisha. Historia ya mji wa kijana huyo inatufundisha vingine. Fikra zilizoiongoza Tanzania katika saa zake ngumu zilikomazwa kwa sehemu kubwa nje ya mihadhara, katika vikundi vya hiari vya watu waliokubali kukosoana, na Tabora ina nafasi ya pekee katika habari hiyo. Anayejiunga na klabu ya falsafa anarithi kazi ambayo wazee wa mji wake waliijua.

Isevya ni kata ya Manispaa ya Tabora, mji uliokua mahali ambapo njia za misafara ziliachana, moja ikielekea Ujiji na nyingine ikipanda kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Novemba 1857 walikuta makazi ya wafanyabiashara Waarabu ambayo waliyaita Kazeh, ndani ya himaya ya Unyanyembe. Katika mji wa namna hiyo maneno yalikuwa sehemu ya kazi. Hongo, yaani ushuru wa kupita, kwa watawala wa njiani ilijadiliwa, posho ya wapagazi ilijadiliwa, hata siku za kupumzika zilijadiliwa, na wapagazi wa Kinyamwezi walijua kutua mizigo chini na kugoma walipoona wamedhulumiwa. Hata hivyo itakuwa kujidanganya kuuita ubishi huo falsafa. Baraza lilikuwa na ngazi zake: umri, mali na uungwana viliamua nani asikilizwe. Methali isemayo penye wazee haliharibiki neno ina hekima, lakini pia inamnyamazisha kijana, na mtumwa aliyeletwa na msafara hakuwa na sauti kabisa. Njia ya misafara ilituachia ustadi wa kujenga hoja. Haikutuachia usawa wa wanaohojiana.

Usawa huo ulianza kutafutwa mahali pasipotarajiwa. Shule ya serikali ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1925, hasa kwa ajili ya wana wa machifu, na ilipangwa kwa mfano wa shule za bweni za matajiri wa Uingereza. Shabaha ilikuwa kupata watumishi wa kuaminika wa utawala wa kikoloni. Lakini shule hiyo ilikuwa na midahalo, na mdahalo una kanuni ambayo hakuna mkoloni aliyeweza kuizuia isizae matunda: kila upande hupewa zamu yake, na mtoto wa chifu hujibiwa na yeyote mwenye hoja. Julius Nyerere, mwana wa Chifu Burito wa Wazanaki, alisoma hapo kuanzia 1937 hadi 1942 na alikuwa miongoni mwa walioshiriki midahalo hiyo. Alipokwenda Makerere mwaka 1943, pamoja na Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu alianzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika cha kushughulikia ustawi wa Waafrika. Akiwa huko aliandika insha juu ya uhuru wa wanawake, akichukua mawazo ya John Stuart Mill na kuyapima kwa maisha ya wanawake wa Kizanaki. Hiyo ni falsafa kamili: kulichukua wazo la mbali na kulihoji kwa ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1946 alirudi Tabora kufundisha St. Mary's, na mjini humo humo akaitumikia Jumuiya ya Waafrika wa Tanganyika (TAA). Masomo ya Edinburgh, kuanzia 1949 hadi 1952, yalimkuta mtu ambaye tayari alikuwa amezoea kubishana kwa adabu.

Matunda yalionekana Tabora penyewe, Januari 1958, katika mkutano mkuu wa TANU, chama kilichoongoza madai ya uhuru. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Juu ya hayo kulikuwa na masharti ya elimu na kipato yaliyowaacha Waafrika wengi nje. Wajumbe wengi walifika wakiwa na azma ya kususa, na walikuwa na sababu, maana utaratibu ule ulikuwa tusi. Nyerere, kiongozi wa chama, alikiri kuwa lilikuwa tusi, kisha akauliza kususa kungempa nani viti. Mkutano ukabadili msimamo, ukaamua kushiriki, na uamuzi ule ukaitwa wa Busara. Zuberi Mtemvu hakukubali, akaondoka na kuunda chama chake. Katika uchaguzi wa 1958 na 1959 wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni siasa, na kwamba Nyerere alikuwa mtu wa aina yake. Kipaji chake hakikataliki. Lakini kipaji kisichopingwa hakikui, na wajumbe wa Tabora waliomlazimisha kueleza kila hatua ya hoja yake walifanya kazi ya kifalsafa sawa na yeye. Pingamizi zito zaidi linatoka Mlimani. Mwaka 1967 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliunda USARF, umoja wao wa kimapinduzi, chini ya uenyekiti wa Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa ya itikadi siku za Jumapili, na mhadhiri Walter Rodney alikuwa pamoja nao. Kuanzia 1969 walitoa jarida la Cheche, lililopigwa taipu kwenye stensili na kurudufiwa kwa mkono. Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji walikuwa wahariri wake. Humo Issa Shivji alichapisha uchambuzi wake wa mapambano ya kitabaka nchini. Novemba 1970 serikali ililifuta jarida pamoja na umoja wenyewe. Je, hiyo haithibitishi kwamba vilabu hivi ni vya hatari? Inathibitisha kwamba hoja iliyoandikwa ina uzito. Wenzao waliendelea kupitia jarida la MajiMaji la Umoja wa Vijana wa TANU, na maswali yao bado yanasomwa leo. Kosa la vikundi kama hivyo linaweza kuwa jingine: kumchukulia asiyekubaliana nawe kuwa adui. Dawa ya kosa hilo ni wapinzani zaidi ndani ya chumba, wala si mlango uliofungwa.

Ndiyo sababu mzazi wa Isevya hana haja ya kuhofu mwanawe akijiunga na klabu ya falsafa. Aulize tu kama klabu hiyo inampa mgeni wa mwaka wa kwanza zamu sawa na mkongwe, kama binti anahojiwa na kujibiwa sawa na mvulana, kama upande unaopingwa unaelezwa kwa nguvu zake zote, na kama kinachoamuliwa kinaandikwa ili wengine wakipime. Klabu yenye desturi hizo itamfundisha kijana jambo ambalo mtihani haulipimi: kubadili mawazo mbele ya watu kwa sababu ameshindwa kwa hoja. Mwaka 1958 nchi nzima ilinufaika kwa sababu mkutano mmoja wa Tabora uliweza kufanya hivyo.