Barua kwa ndugu aliyefungwa Thika: haki yake, na namna ya kumwandikia

Kijana wa Kisauni akifungwa Shimo la Tewa au Jela Baridi, nyumbani bado ni karibu. Mamake hupanda matatu asubuhi, akamwona, na alasiri keshafika kwake. Akihamishiwa bara mambo hugeuka. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na Thika ni zaidi ya kilomita 40 mbele yake. Ni usiku mzima barabarani na nauli ya kwenda na kurudi, kwa mazungumzo ya muda mfupi. Wengi huenda mara moja, kisha wakanyamaza. Kimya hicho ndicho kinachomuumiza mfungwa, na dawa yake ni karatasi na stempu.

Magereza ya upande huo

Mji wa Thika, kaunti ya Kiambu, una gereza la wanaume na la wanawake. Ruiru, kwenye barabara hiyo hiyo itokayo Nairobi, ina chuo cha kuwafunzia askari wa magereza. Gereza kuu la Kamiti nalo haliko mbali na Ruiru. Kwa kuwa majina haya yako jirani, watu huyachanganya, na barua ikapelekwa pasipo mwenyewe. Hakikisha kwanza yuko gereza gani, maana wafungwa huhamishwa.

Ni haki, si hisani

Kifungu cha 51 cha Katiba ya 2010 kinasema aliyefungwa hubaki na haki zake zote, ila zile ambazo haziwezekani kabisa kwa mtu aliye kifungoni. Ipo pia Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya mwaka 2014, inayogusa mawasiliano yao na jamaa. Kimataifa, Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2015 kanuni zilizopewa jina la Nelson Mandela, na kanuni ya 58 yataka mfungwa aruhusiwe kuwasiliana na jamaa na marafiki kwa maandishi na kwa kutembelewa. Jina hilo lina sababu. Mandela alipoanza kifungo chake kisiwani Robben mwaka 1964, aliruhusiwa barua moja tu kila miezi sita.

Nasi wa pwani tuna wetu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alifungwa miaka mitatu kuanzia 1969 kwa ajili ya waraka wake wa "Kenya: Twendapi?". Akiwa kifungoni alitunga mashairi kwa siri, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Yalitoka kitabuni mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Yeye aliandika kwa kujificha. Mfungwa wa leo anaweza kupokea barua yako waziwazi, mradi uiandike.

Namna ya kuandika

Juu ya bahasha andika jina lake kamili kama lilivyo kwenye hati za mahakama, si jina la mtaani. Fuatisha namba yake ya mfungwa, kisha jina la gereza, sanduku la posta la gereza hilo, na namba ya posta ya mji: Thika ni 01000, Ruiru ni 00232. Namba ya mfungwa na ya sanduku huulizwa gerezani penyewe. Anayekwenda kumwona aziandike zote mbili, nyumbani zihifadhiwe.

Nyuma ya bahasha weka anwani yako. Nyumba nyingi za kwetu hazina sanduku la posta, basi omba kutumia la madrasa, la shule au la jamaa. Bila anwani, hata akitaka kujibu hataweza.

Jua kwamba barua itafunguliwa na kusomwa na afisa kabla ya kumfikia. Kwa hiyo usijadili ushahidi wala mipango ya rufaa. Hayo ni ya wakili. Usitie pesa ndani ya bahasha. Ukitaka kumpelekea vitabu, msahafu au vitu vingine, muulize kwanza afisa wa ustawi wa gereza, au imamu anayewahudumia wafungwa Waislamu.

Na uandike nini? Mambo ya nyumbani. Nani kaoa, nani kajifungua, mtoto wake yuko darasa la ngapi, mnazi wa uani umeanguka au bado. Kama kuna msiba, mwambie kwa upole, usimfiche. Akija kusikia kwa mtu mwingine hatakuamini tena. Usimwahidi kumtoa kama huna uwezo huo. Mama asiyejua kuandika na amtamkie mjukuu, neno kwa neno.

Jihadhari na simu

Mfungwa haruhusiwi kumiliki simu, na anayeiingiza kwa siri anavunja sheria. Ukipigiwa na mtu anayedai ni askari, au ni mwanao, akitaka utume pesa haraka ili "mambo yamalizwe", usitume. Wakenya wengi wameibiwa kwa njia hiyo. Uliza gerezani kwanza, au mtume jamaa aliyeko Nairobi afike mwenyewe langoni.

Faida yake siku ya kutoka

Kuna jambo watu hawalijui. Mahakama inapofikiria kumpa mtu kifungo cha nje au kupitia upya hukumu yake, afisa wa probesheni hufika nyumbani kuuliza: mtamrudisha? Mtakaa naye? Familia iliyokuwa ikiandikiana naye huwa na jibu. Iliyonyamaza miaka minne huangaliana usoni.

Najua kinachotuzuia si nauli peke yake. Ni aibu. Tunasema "yuko bara kikazi", na tukishasema hivyo twaona haya hata kwenda posta na bahasha yenye jina la gereza. Lakini aya ya 8 ya Suratul Insan inamtaja mfungwa pamoja na maskini na yatima katika watu wa kulishwa. Na Nabii Yusuf, alayhi salaam, alipokuwa gerezani alimwomba mwenzake aliyekuwa akitoka amtaje kwa bwana wake. Yule mwenzake alisahau, na Yusuf akabaki ndani miaka kadhaa.

Salamu ya mdomo husahaulika njiani. Kama una ndugu Thika, Kamiti au popote, andika ukurasa mmoja wiki hii, uupeleke posta kabla ya Ijumaa.