Kabaka Daudi Chwa II: Mfalme Mwenye Umri wa Mwaka Mmoja

Daudi Chwa II, Kabaka wa 34 wa Buganda, alizaliwa Mengo tarehe 8 Agosti 1896. Agosti ya mwaka uliofuata alitangazwa kuwa mfalme, angali mtoto wa kubebwa. Baba yake, Mwanga II, alikuwa amewaasi Waingereza mwezi Julai, akashindwa vitani huko Buddu na kukimbilia upande wa Wajerumani. Mwaka 1899 Mwanga alikamatwa pamoja na Kabalega wa Bunyoro, akapelekwa Shelisheli, akafia huko mwaka 1903.

Madaraka yalishikwa na wakaimu watatu: Katikiro (waziri mkuu) Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Mgawanyo huo wa dini ulitokana na vita vya madhehebu vilivyoipasua Buganda miaka michache kabla. Uskochi iliwahi kupitia hali kama hiyo: James VI alitawazwa Stirling Julai 1567 akiwa na miezi 13, baada ya mama yake, Malkia Mary, kulazimishwa kujiuzulu, na wakaimu wakatawala katikati ya ugomvi wa Waprotestanti na Wakatoliki.

Jambo kubwa kuliko yote katika utawala wa Chwa lilifanyika akiwa na miaka mitatu. Tarehe 10 Machi 1900 wakaimu walitia saini Mkataba wa Buganda na Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza. Kabaka alitengewa maili za mraba 350 za ardhi. Machifu na wamiliki wengine wapatao 1,000 wakatengewa maili za mraba 8,000. Zaidi ya nusu ya nchi ikawa chini ya serikali ya Himaya ya Uganda, iliyoongozwa na Waingereza. Wakulima wa kawaida wakageuka wapangaji katika mashamba ya wakubwa.

Waingereza walikihitaji kiti cha Kabaka kwa sababu kiliwapa mamlaka yaliyokwisha kuheshimiwa. Tofauti inaonekana Turkana ya magharibi, nchi ya Kakuma, iliyohesabiwa ndani ya Himaya ya Uganda hadi ilipohamishiwa Kenya mwaka 1926. Waturkana hawakuwa na mfalme; waliongozwa na wazee na waaguzi wao, ngimurok. Kwa kukosa kiti cha kutawalia, wakoloni walituma majeshi, kama msafara wa Labur wa mwaka 1918. Utawala wa mkoloni ulifika Turkana kwa bunduki, ilhali Mengo ulishikiliwa kwa saini.

Chwa alitimiza miaka 18 mwaka 1914, umri ambao Mkataba uliuweka wa kushika madaraka mwenyewe. Hata hivyo Kagwa, aliyezoea kutawala, alibaki Katikiro hadi alipojiuzulu mwaka 1926. Sauti ya Kabaka ilisikika zaidi katika miaka iliyofuata. Mwaka 1929 alipinga mpango wa Gavana William Gowers wa kukieneza Kiswahili kuwa lugha rasmi, akikitetea Kiganda. Mwaka 1935 alichapisha kijitabu cha kuwaonya Waganda wasitupe mila zao njema kwa jina la ustaarabu.

Alifariki tarehe 22 Novemba 1939, akiwa na miaka 43, akazikwa Kasubi. Aliitumikia Buganda kwa uaminifu, lakini ardhi na mamlaka yake viligawanywa kabla hajajua kusoma. Mwanawe, Mutesa II, alimrithi akiwa na miaka 15, na Buganda ikarudi tena mikononi mwa wakaimu.