Mbuga Isiyo na Mnyama

Mwambie mkazi wa Dar es Salaam kwamba unakwenda jangwani, naye atakuuliza kama mvua imekatika. Jangwani yetu ni bonde la Mto Msimbazi, ambako masika yakichachamaa barabara hufungwa na mabasi hugeuzwa njia. Nimekua na neno hilo likinukia maji ya mafuriko na vuvuzela za Yanga. Basi tulipoanza kupanga safari ya Namibia, mimi na mke wangu, msamiati uligoma hata kabla ya nauli.

Jina la nchi lenyewe lilikuwa jepesi. Namib ni neno la Kikhoekhoe, lugha ya vidoko, na hufasiriwa kuwa mahali papana, peupe, pasipo na kitu. Umoja wa Mataifa ulilipokea jina Namibia mwaka 1968, miaka 22 kabla ya uhuru. Wazee wa Kongwa, Dodoma, walikwishawapokea wapigania uhuru wa nchi hiyo, wa chama cha SWAPO, kambini tangu 1964. Tabu ilianzia mchangani.

Vitabu vya jiografia vinasema tuta la mchanga. Sawa, lakini tuta la viazi vitamu unaliruka kwa hatua moja, na tuta la barabarani humpandisha dereva hasira, halimpandishi mlima. Huko Sossusvlei yapo yanayopita mita 300. Moja linajulikana kwa namba tu, Tuta la 45, kwa kuwa liko kilomita 45 kutoka lango la Sesriem. Nilipomsomea kaka yangu ratiba akashtuka: “Mmeshayahesabu mpaka arobaini na tano? Shokomzoba zitapona kweli?”

Nikajaribu fungu. Pwani, fungu ni mchanga uliorundikwa na bahari, unaojitokeza maji yakipwa. Fungu Yasini iko pale pale kaskazini ya Dar. Lakini fungu ni kazi ya maji, kama tuta lilivyo kazi ya jembe. Kazi ya upepo tumeiita vizuri mara moja tu ninayoikumbuka, kule Ngorongoro, karibu na Oldupai: lile lundo jeusi la majivu ya volkano, lenye umbo la mwezi mwandamo, huitwa mchanga unaohama. Hapo mtaja jina alitazama tendo, akaacha umbo. Kwenye ratiba nimebakiza tuta, shingo upande.

Mti nao ulinihadaa. Picha zote za Deadvlei zina miti mikavu iliyosimama juu ya udongo mweupe, imekufa karne nyingi zilizopita na haijaoza, maana hata kuoza kunataka unyevu. Ni jamii ya mgunga. Kitafsiri cha simu kikaniambia ni mwiba wa ngamia. Ngamia gani, Namibia? Kumbe Waafrikana waliuita kwa kufupisha neno lao la zamani la twiga, ambalo huanza na ngamia, na Waingereza wakatafsiri kipande kilichobaki. Mla majani yake ni twiga, na hata jina la Kilatini la zamani, *Acacia giraffae*, lilimtaja. Mgunga twiga, nikaandika, bila kumwomba mtu ruhusa.

Likabaki *vlei*. Neno la Kiafrikana, maana yake bonde tambarare linalotuamisha maji ya mvua. Mto Tsauchab, miaka inapojaliwa mvua, hufika Sossusvlei, ukazuiwa na mchanga, ukafa. Maji yakikauka hubaki udongo wa mfinyanzi uliopasuka. Niliandika ziwa, nikafuta. Bwawa, nikafuta, dimbwi likanichekesha. Nikampigia mjomba, bwana shamba mstaafu aliyefanya kazi Usukumani miaka mingi.

“Udongo mzito?” akauliza.

“Mzito, mjomba. Maji yakija yanatuama, yakiondoka unapasuka.”

“Sasa mjomba, hiyo si mbuga?”

Nilinyamaza. Kwa mkulima wa Shinyanga mbuga ni hiyo hasa: bonde la udongo wa mfinyanzi, kwao mweusi, linalojaa maji kifuku na kupasuka kiangazi, ambamo watu huchimba majaruba ya mpunga. Sisi wa mjini tumeliazima neno kwa ajili ya simba na watalii, hatujalirudisha. Hata Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kwa jina lake kamili la serikali, mitaani bado ni mbuga.

Kilichobaki kilijipanga chenyewe. Etosha, ambayo kwa Kindonga ni mahali peupe pakubwa, ina uwanda wa chumvi wa kilomita za mraba 4,800 hivi. Kitafsiri cha simu kiliuita Sufuria ya Etosha. Mimi nauita mbuga ya chumvi, ijapokuwa mbuga hiyo imo ndani ya kile ambacho jirani zangu wote watakiita mbuga ya Etosha.

Tutaondoka kipupwe, na makoti, kwa kuwa usiku wa huko mwezi wa saba hukaribia kugandisha maji. Ratiba nimeibandika kwenye friji. Mstari wa siku ya tatu unasema: *Alfajiri, Tuta la 45. Kisha Mbuga ya Sossus.*

Mke wangu aliusoma jana, akaniuliza kuna wanyama gani.

“Choroa wawili watatu, tukibahatika,” nikamwambia. “Lakini hiyo siyo mbuga ya wanyama.”

“Ya nini sasa?”

“Ya mpunga.”