Mlima na Mji: Mgeta na Dar es Salaam katika Historia ya Maradhi

Maradhi ya kuambukiza yaingiapo mjini, mwanadamu huuliza kwanza: nikimbilie wapi? Swali hili si geni kwetu. Mwaka 1913, tauni ilipokuwa imeipiga Nairobi, Profesa William Simpson alitumwa kutoka Uingereza kuchunguza afya ya miji ya Afrika Mashariki. Shauri lake lilikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae mbalimbali. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Dar es Salaam nayo ilipangwa kwa kanuni ya namna hiyo: Uzunguni, Uhindini, na ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja, Kariakoo ya Waafrika. Hivyo usalama ulifasiriwa kuwa ni umbali baina ya mtu na jirani yake.

Hata hivyo, Kariakoo iliyotengwa ndiyo iliyokuja kuulisha mji. Jina lake lilitokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, na hata leo wapo wachukuzi wanaoshusha humo kabichi, karoti na njegere kutoka Mgeta, kwenye miteremko yenye baridi ya Uluguru. Mto Mgeta nao humwaga maji yake katika Ruvu, ambao hunywewa Dar es Salaam. Basi mlima na mji havijapata kuwa mbalimbali.

Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Tarehe 6 Aprili, Kenya ilizuia watu kuingia na kutoka Nairobi. Tanzania haikuifunga miji yake, na nyumba za ibada ziliachwa wazi. Katika London na New York, wenye nafasi walihamia pembezoni wakaendelea na kazi kwa njia ya intaneti. Mchukuzi wa Kariakoo hana kazi ya namna hiyo: akiliacha soko, ameiacha riziki yake. Tena akirudi Mgeta hakuti shamba lisilo na mwenyewe. Anakuta vishamba vya mteremkoni, ardhi ya ukoo wa mama yake, na wazee.

Hapo ndipo penye jambo zito. Nakiri kwamba mwaka ule niliwashauri vijana wa usharika warudi kwa wazazi wao mlimani, nikidhani nimetoa shauri la hekima. Sikuuliza ni nani angemwuguza mzee iwapo kijana angepanda na ugonjwa. Nilifikiri kama Simpson: nilihesabu umbali, nikawasahau watu walioko mwisho wa safari.

Nabii Yeremia aliwaandikia wahamishwa wa Babeli wauombee mji ule, kwa kuwa heri yao ilifungamana na heri yake. Nasi tuwafundishapo wanafunzi wetu uchungaji wa wakati wa maradhi, tusiwafundishe kuuliza tu mahali salama pa kukimbilia. Wajifunze kuuliza pia: huko tuendako, ni nani atakayetupokea, naye atalindwa na nani?