Nani Aliuliza Swali? Raia Waliopanga San Francisco Bila Kuchaguliwa

Novemba 1999, wapiga kura wa San Francisco, katika jimbo la California nchini Marekani, walibadili katiba ya jiji lao ili kuunda mamlaka mpya ya usafiri. Mabasi na tramu za Muni, shirika la umma lililoanza kazi mwaka 1912, ziliwekewa bodi inayojitegemea na kiwango kilichoandikwa kisheria: asilimia 85 ya safari zifuate ratiba. Pendekezo hilo lilisukumwa na vikundi viwili vya raia wasio na cheo serikalini. Kimoja, Rescue Muni, kilikuwa chama cha abiria kilichozaliwa mwaka 1996. Cha pili, SPUR, kilikuwa na mizizi ya takriban miaka 90. Historia ya hiki cha pili inastahili kusomwa na kila anayeamini kwamba mwananchi ana haki ya kusema jiji lake lijengweje, kwa kuwa ndani yake mna ushindi wa kujivunia na mna madhara ambayo hayajafutika hadi leo. Chama kilekile, kwa bidii ileile na kwa ripoti zilizoandikwa kwa uangalifu uleule, kiliwahi kuwatetea wapangaji na kiliwahi kusaidia kuwang'oa. Elimu ya waandishi na nia zao hazitoshi kueleza tofauti hiyo. Kinachoieleza ni swali walilolianzia, na nani alikuwa na nafasi ya kuliuliza.

Chanzo cha SPUR ni maafa. Aprili 18, 1906, tetemeko la ardhi na moto uliofuata viliteketeza sehemu kubwa ya San Francisco. Watu wapatao 3,000 walikufa, na katika jiji la watu wapatao 400,000, zaidi ya nusu walibaki bila makao. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, msanifu mashuhuri Daniel Burnham alikuwa amewasilisha mpango wa kuligeuza jiji kwa barabara pana, bustani na viwanja vya fahari, kwa mwaliko wa matajiri walioongozwa na meya wa zamani, James Phelan. Moto ulipokwisha kusafisha eneo, ungedhani wakati wa mpango huo umewadia. Lakini wenye viwanja walikuwa na haraka ya kujenga palepale walipokuwa, na michoro ya Burnham ikabaki kabatini. Yaliyoinuka kwa wingi ni majengo ya kupangisha yaliyobanana, yasiyo na hewa wala mwanga wa kutosha. Mwaka 1910 kundi la raia lilianzisha Chama cha Makazi cha San Francisco ili kulishughulikia tatizo hilo. Miongoni mwao walikuwemo daktari Langley Porter na Alice Griffith, ambaye tangu 1890 alikuwa ameshirikiana na Elizabeth Ashe kuendesha kituo cha huduma za jamii katika mtaa wa wahamiaji wa Telegraph Hill. Ripoti yao, iliyoeleza bila kificho hali ya nyumba hizo, ilifungua njia ya sheria ya jimbo ya mwaka 1911 iliyoweka masharti kwa majengo ya kupangisha.

Ushindi huo ulikuja haraka, na tunapaswa kujua kwa nini. Griffith hakuwa mpangaji. Alitoka katika familia yenye uwezo. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kwa kipimo hicho hata yeye alikuwa mgeni. Lakini alikuwa amefanya kazi miongoni mwa familia za Telegraph Hill kwa miaka 20, na jambo hilo liliamua aina ya swali ambalo chama kililipeleka kwa watunga sheria: nyumba hii inamfanyia nini anayeishi ndani yake? Swali likiwa hilo, jibu huwa la namna moja. Mlaumiwa anakuwa jengo na mwenye jengo. Aliyepanga ndiye anayetafutiwa nafuu. Hakuna aliyeweza kuisoma ripoti hiyo akahitimisha kwamba dawa ni kumwondoa mpangaji mjini.

Miaka 30 baadaye utaalamu uliingia kwa kishindo. Mwaka 1939 vijana wasanifu majengo, wabunifu wa bustani na wapangaji wa miji waliunda kikundi kilichoitwa Telesis, na mwaka 1940 wakafanya maonyesho katika jumba la sanaa la jiji ili kuwaeleza watu wa kawaida kwamba makazi, kazi, usafiri na mapumziko ni mambo yanayopaswa kupangwa kwa pamoja. Mmoja wao, T. J. Kent, alikuja kuwa mkurugenzi wa mipango wa San Francisco, kisha mwaka 1948 akaanzisha idara ya mipango ya miji na mikoa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 wanataaluma hao waliungana na watu wa Chama cha Makazi, nacho kikawa Chama cha Mipango na Makazi. Mhimili wake alikuwa Dorothy Erskine, mwanamke aliyejua kuwakutanisha maprofesa, wenye fedha na wakuu wa jiji mpaka jambo likafanyika. Mwaka 1958 Erskine na Kent walianzisha kikundi cha kutetea maeneo ya wazi kuzunguka ghuba ya San Francisco, na kikundi hicho kingali hai kwa jina la Greenbelt Alliance. Kwamba vilima vingi vya eneo hilo bado ni vya kijani ni deni ambalo wakazi wa leo wanadaiwa na watu wa aina hii, ambao hawakuwahi kuomba kura ya mtu.

Hata hivyo, katika kipindi hichohicho swali lilibadilika. Mwaka 1947 chama kilichapisha utafiti kuhusu uchakavu wa mitaa na mapato ya kodi. Uliulinganisha mtaa wa Western Addition, upande wa barabara za Geary na Fillmore, na mtaa wa Marina uliokuwa mpya zaidi na wenye wakazi wa kipato kizuri. Kipimo kilikuwa kile ambacho kila mtaa uliingizia hazina ya jiji dhidi ya kile ambacho huduma zake ziligharimu. Kwa hesabu hiyo Western Addition ilionekana mzigo na Marina neema. Kilichokosekana katika hesabu ni maelezo ya nani waliishi pale na kwa nini. Mwaka 1942 serikali ya Marekani ilikuwa imewakamata wakazi wenye asili ya Kijapani na kuwapeleka kambini, na sehemu yao ya Western Addition ikaachwa wazi. Vita vya Pili vya Dunia vilileta ajira za kuunda meli, na Wamarekani weusi waliozifuata walikuta mitaa mingi imefungwa kwao. Western Addition ilikuwa kati ya michache iliyowapokea. Idadi yao jijini ilipanda kutoka chini ya 5,000 mwaka 1940 hadi zaidi ya 43,000 mwaka 1950. Msongamano wa nyumba zao ulikuwa matokeo ya ubaguzi. Lakini ukiuliza mtaa unaingiza kodi kiasi gani, ubaguzi hauonekani popote kwenye jedwali. Unachoona ni watu wanaogharimu.

Matokeo yalifuata swali. Mwaka 1948 jiji liliunda wakala wa ustawishaji upya, na Western Addition ikatangazwa kuwa eneo la kufumuliwa. Mwaka 1959 chama kilipangwa upya na kupewa jina la SPUR, yaani Chama cha Mipango na Uhuishaji wa Jiji la San Francisco, kwa msukumo wa kamati ya wakuu wa makampuni iliyoongozwa na James Zellerbach na Charles Blyth. Mwaka huohuo Justin Herman alishika uongozi wa wakala na kuuharakisha ubomoaji. Sheria ya shirikisho ilidai wananchi washirikishwe kabla ya fedha za uhuishaji kutolewa, na jiji likaiteua SPUR kuwa kamati rasmi ya wananchi hao. Hapo ndipo kiini cha historia hii kilipo. Chama kilichofadhiliwa na wenye makampuni na kuendeshwa na wataalamu kilihesabiwa kuwa sauti ya wakazi, ilhali waliokuwa wakibomolewa hawakuwa na kiti. Zaidi ya kaya 4,000 zilihamishwa, maduka kwa mamia yakafungwa, kumbi za muziki wa jazi za Fillmore zikapotea, na viwanja vingi vikabaki vitupu kwa miaka.

Wapo wanaosema si haki kuwahukumu watu wa 1947 au 1959 kwa macho ya leo, kwa kuwa nchi nzima iliamini kubomoa ndiko kujenga. Hoja hiyo ina ukweli kiasi fulani: San Francisco haikuwa peke yake, na wengi walioandika ripoti hizo waliamini kwa dhati kwamba watu wangehamia nyumba bora. Lakini inawasahau watu wengine wa wakati uleule. Wakazi wa Western Addition walilisema jambo hilo wakati huo, kwa sauti na kwa hoja. Mwaka 1967 waliunda umoja wao, WACO, ambao Hannibal Williams alikuwa miongoni mwa viongozi wake, na mwaka 1968 wakapata zuio katika mahakama ya shirikisho, kwa hoja kwamba wakala haukuwa na mpango wa kuaminika wa kuwapa makazi mbadala. Zuio hilo halikudumu, lakini linathibitisha kwamba maarifa yaliyohitajika yalikuwepo mtaani. Walioyahitaji hawakwenda kuyatafuta. Mwaka 1977 SPUR iliondoa neno uhuishaji katika jina lake na kuweka utafiti. Kwa familia nyingi, ubomoaji ulikuwa umekwisha kupita.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili: kwamba ukiwaachia wakazi waulize maswali, hakuna kitakachojengwa. San Francisco ina mfano wa kila upande. Januari 1959 baraza la jiji, kwa shinikizo la wenyeji wa mitaa, lilikataa barabara za mwendo kasi 7 kati ya 10 zilizokuwa kwenye ramani. Wahandisi walikuwa wameuliza magari mangapi yatapita. Wakazi waliuliza barabara itapita juu ya nyumba ya nani. Wachache leo wangetamani barabara hizo zingejengwa. Lakini wengi walioshinda walikuwa wenye nyumba na kura, wakati Western Addition, mtaa wa wapangaji, ilishuhudia barabara ya Geary ikipanuliwa na kuukata katikati. Baadaye, mwaka 1978, kanuni mpya za ujenzi zilizotetewa na mitaa zilipunguza idadi ya nyumba zilizoruhusiwa, na jiji likaendelea kuwa ghali. Kwa hiyo ni kweli kwamba ukaribu peke yake hautoshi. Anayeishi mtaani anajua kinachomuuma, lakini hamwakilishi mpangaji asiyehudhuria vikao wala mtu atakayehamia kesho. Tiba ya hilo ni kuongeza wanaouliza. Reli ya BART inaonyesha kwamba mambo makubwa hayahitaji wananchi wanyamaze: mwaka 1962 wapiga kura wa kaunti tatu waliombwa kuidhinisha mkopo wa dola milioni 792, na asilimia 61 wakakubali. Treni zilianza kubeba abiria mwaka 1972.

Ndiyo maana kampeni ya 1999 ina uzito kuliko idadi ya vifungu vyake. Kabla ya kudai lolote, abiria wa Rescue Muni walijitolea kurekodi walifika kituoni saa ngapi na basi likaja lini, kisha wakaulinganisha muda huo wa kungoja na ratiba na kuutangaza hadharani. Huduma ilipovurugika vibaya mwaka 1998, baada ya mfumo mpya wa kompyuta kuwekwa katika njia ya chini ya ardhi, jiji tayari lilikuwa na watu wenye takwimu zao wenyewe. SPUR ilileta kitu ambacho abiria hawakuwa nacho: ujuzi wa sheria za jiji, uzoefu wa bajeti na uhusiano na wanasiasa. Swali lilikuwa la abiria, abiria anangoja muda gani, na ufundi wa kuligeuza kuwa sheria ukawa wa wataalamu. Muni imeshindwa kwa miaka mingi kukifikia kiwango cha asilimia 85, na wakosoaji hulitaja hilo kama ushahidi kwamba yote yalikuwa bure. Mimi naliona kinyume. Kabla ya hapo kuchelewa kulikuwa lalamiko la kituoni. Sasa ni upungufu unaopimwa kwa kipimo cha abiria na kujibiwa mbele ya umma.

Linabaki swali la uhalali. Hawa wana haki gani ya kuunda jiji wakati hakuna aliyewachagua? Hawakuchaguliwa, na wafadhili wao mara nyingi wamekuwa wenye mali. Lakini meya hukaa miaka michache, ilhali reli huchukua miaka kumi kujengwa na mtaa uliobomolewa huchukua kizazi kupona, kama utapona. Jiji linahitaji watu watakaolikumbuka jambo lililoahidiwa na tawala tatu zilizopita. Sharti langu kwao ni moja, nalo limetoka katika mwenendo wao wenyewe. Wasipewe kamwe nafasi ya kuhesabiwa kuwa wananchi badala ya wananchi, kama jiji lilivyofanya na SPUR enzi za Herman. Kila ripoti yao isomwe kuanzia ukurasa wa swali: imepima maisha ya nani, na kwa faida ya nani? Chama kinachoweza kuonyesha kwamba waliohusika waliliandika swali pamoja nacho kinastahili kusikilizwa hata na serikali iliyochaguliwa kwa kishindo. Kisichoweza kuonyesha hilo kirudishwe mtaani kwanza, hata takwimu zake ziwe sahihi kiasi gani, kwa kuwa katika Western Addition hesabu za kodi zenyewe hazikuwa na kasoro ya kujumlisha, na bado ziliuvunja mtaa.