Oicha: mji unaojiokoa wenyewe

Oicha iko mashariki mwa Kongo, kilomita zipatazo 30 kaskazini ya Beni, kwenye barabara namba 4 inayokwenda Eringeti na Komanda. Ni makao makuu ya wilaya ya Beni. Apitaye kwa gari huona mbao, magunia ya kakao na pikipiki zikisubiri abiria. Pengine hatajua kwamba kwa miaka ipatayo 90 mji huu umekuwa kimbilio la watu kila balaa linapozuka katika misitu ya Ituri na Kivu Kaskazini.

Mwanzo wake ni hospitali. Mwaka 1934 daktari Mmarekani, Carl Becker wa Africa Inland Mission, alihamia hapa akaanza kutibu watu katikati ya msitu. Wenye ukoma walimjia kwa maelfu. Lakini kazi yake iliyodumu kuliko zote ilikuwa kuwafundisha Wakongo uuguzi. Waasi wa Simba walipokaribia mwaka 1964 wamisionari walikimbia, na waliobaki na wagonjwa ni hao aliowafundisha. Becker aliporudi Kongo alikwenda kujenga kituo cha tiba kikubwa zaidi Nyankunde, karibu na Bunia.

Nyankunde ndiyo iliyokuja kuipima Oicha. Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji waliuvamia mji huo na kuua watu kwa siku kadhaa. Human Rights Watch ilikadiria waliokufa kuwa si chini ya 1,200. Wagonjwa waliuawa vitandani mwao. Waliookoka, wauguzi na wagonjwa pamoja, walishika njia ya msituni kwa miguu kuelekea kusini, mwendo wa kilomita zipatazo 150, wakielekea Oicha. Baadhi yao hawakufika. Waliofika walipokelewa na hospitali iliyozaa ile waliyoikimbia. Shule ya wauguzi ya Nyankunde ikahamia Beni na masomo yakaendelea. Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko majengo yoyote yaliyofunguliwa kwa sherehe: watu waliopoteza kila kitu walianza upya kwa kufundisha.

Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, kilipita, upepo ukatulia, waokoaji wakaingia. Oicha haijapata utulivu wa namna hiyo. Tangu Oktoba 2014 waasi wa ADF, kundi lililotoka Uganda, wamekuwa wakichinja raia katika wilaya ya Beni, na anayekwenda kumwokoa jirani huenda naye akavamiwa njiani. Watanzania waliujua uchungu huo tarehe 7 Desemba 2017, walinda amani wao 15 walipouawa kwenye kambi ya Semuliki, katika wilaya hiyo hiyo.

Kinachofanyika baada ya shambulio kinajulikana na kila mtu hapa. Vijana wa kijiji na wa Msalaba Mwekundu huingia msituni au shambani kutafuta waliopona na waliokufa. Majeruhi hubebwa kwa kipoyi, yaani machela ya miti miwili na kitambaa au kamba, wabebaji wakipokezana mpaka barabarani, kisha hupakiwa kwenye pikipiki au gari lolote litakalopatikana. Maiti hupelekwa mochwari ya hospitali kuu ya Oicha, ambako familia huja kuzitambua. Wengi wa waliokimbia makwao hawaishii kambini: hulala kwa ndugu, kwa watu wa kanisa lao, hata kwa wasiowajua. Chakula cha familia moja huliwa na tatu. Msaada huo hautajwi katika ripoti nyingi, nami nadhani ndio uliouzuia mji huu kuvunjika.

Kisha ikaja Ebola. Ilitangazwa Mangina, katika wilaya hiyo hiyo ya Beni, tarehe 1 Agosti 2018, na kabla ya mwezi kwisha ikathibitishwa Oicha. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) walilazimika kusindikizwa na magari ya kivita ya MONUSCO, kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Mataifa, ili wafike. Kwa watu waliozika ndugu zao miaka minne bila dunia kushtuka, msafara ule ulizua swali la haki: mbona mnakuja leo? Hasira hiyo iligharimu maisha. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko wa WHO akauawa Butembo.

Hali ilibadilika wenyeji walipokabidhiwa kazi. Timu za mazishi zilichukua vijana wa mahali. Beni ilipata vyumba vya plastiki angavu ambamo mama aliweza kumwona mwanawe mgonjwa na kusema naye. Washindi, yaani waliopona, walilea watoto wachanga ambao mama zao walikuwa wamelazwa, kwa kuwa miili ya washindi hao ilikwisha kupata kinga. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Ugonjwa ulitangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umewapata watu 3,470 na kuua 2,287.

Ebola ilirudi Beni Oktoba 2021. Safari hii waliopita nyumba kwa nyumba kuwafuatilia kwa siku 21 waliogusana na wagonjwa walikuwa hasa wauguzi na wahudumu wa hapa hapa, walioijua kazi tangu 2018. Tarehe 16 Desemba ilitangazwa kwisha. Wagonjwa walikuwa 11.